VINENO VIDOGO VINAVYOWAANGUSHA VIJANA WETU



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na nyinyi wanafunzi wapendwa, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), naomba nafasi katika jarida letu niseme jambo ambalo limekuwa likinikera kwa muda mrefu. Kila Januari, vijana wanapoingia kidato cha kwanza, baadhi ya wazazi huja kuniaga. Husema kwa adabu kabisa: "Ustadhi, tunaomba kijana apumzike madrasa kwanza, jioni aende twisheni ya Kiingereza." Siwalaumu. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu ghafla fizikia, historia na hisabati zote zinamjia kwa Kiingereza. Hata hivyo nadhani wanakosea, nami nitaeleza kwa nini.

Mwaka juzi kijana mmoja wa hapa madrasani, hodari wa hesabu, alinionyesha karatasi yake ya mtihani. Swali lilisema: "Subtract 7 from 15." Yeye aliandika 7 − 15, akapata hasi 8, akapigwa mkasi. Nikamwuliza kama hakujua maana ya "subtract". Akasema anaijua, ni kutoa, ila aliona 7 imetangulia. Basi nikamsomea kwa Kiswahili: toa 7 katika 15. Alijibu 8 kabla sijafunga mdomo. Tazameni, mpangilio wa namba ni uleule katika lugha zote mbili! Neno kubwa alilijua. Kilichomwangusha ni hicho kineno "from", ambacho alikiruka kama mtu anavyoruka jiwe njiani.

Swali lililofuata lilihusu bei. Bei ikipanda "by 200" imeongezeka kwa shilingi 200. Ikipanda "to 200" imefika shilingi 200. Herufi mbili tu zinatenganisha majibu hayo. Mwalimu wa hesabu anasahihisha hesabu, hana muda wa kueleza vihusishi, na mwalimu wa Kiingereza haoni karatasi ya hesabu. Kijana anabaki katikati akidhani hana akili.

Sasa, madrasa inaingiaje hapa? Wanafunzi wetu wa nahau wanaanza na Ajrumia, kitabu kidogo cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323. Mwanzoni kabisa wanajifunza humo kwamba maneno yamegawanyika sehemu tatu: ismu, fiili na harfu. Na harfu wanaambiwa ni neno ambalo maana yake haikamiliki mpaka lishikane na jingine. Kijana aliyeelewa hilo ameshapata kitu ambacho orodha za twisheni hazimpi, kwamba kineno hakisomwi peke yake bali husomwa pamoja na jirani yake.

Chukueni Bismillahi. Mtoto wa miaka 4 anaitamka kabla ya kula. Ile "bi" ya mwanzo ni harfu jarri. Kwa Kiswahili tunasema kwa jina la Mwenyezi Mungu, na Kiingereza husema "in the name". Je, "kwa" ni "in"? Mara nyingi sivyo. Kwa basi ni "by", kwa kisu ni "with", kwa bibi ni "at". Anayekariri kwamba "kwa" maana yake ni neno moja la Kiingereza atakosa mara nyingi kuliko atakavyopata. Na "na" yetu ni hivyohivyo. Juma na Ali, amekuja na baba yake, amenyeshewa na mvua: hapo Kiingereza kinataka "and", kisha "with", kisha "by".

Kuna tofauti nyingine ambayo mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuiona. Sisi tunasema anaingia nyumbani, anakaa nyumbani, anatoka nyumbani. Ile "-ni" haibadiliki, maana kazi ya kuonyesha mwelekeo tumekiachia kitenzi. Kiingereza hakikiachii kitenzi kazi yote. Ni lazima useme "into", kisha "in", kisha "out of". Ndiyo maana vijana wetu wanaandika sentensi kwamba mtu "came out in the house". Si uvivu huo. Wamefuata kanuni ya kwao kwa uaminifu, wakaipeleka mahali isipotumika. Vilevile Mswahili husema: ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda. Ni Kiswahili kizuri. Kwa Kiingereza ukishasema "although" huna tena haja ya "but", kimoja kinatosha.

Sisi watu wa Kipalapala na Tabora tunapenda kusimulia misafara ya zamani. Tunasimulia pembe za ndovu, nguo za merikani, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo hadi Bagamoyo, na habari chungu za watumwa. Tunawapeleka wageni Kwihara wakaone tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Njia hiyohiyo ilieneza Kiswahili bara, nacho kilikuja kimeshajaa vineno vya Kiarabu: lakini, au, wala, hata, bila, kabla, baada. Lugha kukopa majina kama kitabu na kahawa ni jambo la kawaida. Kukopa viunganishi ni jambo zito zaidi, kwani hiyo ndiyo misumari ya sentensi. Hata mzee sokoni asiyejua alifu wala be, kila siku anatumia harfu za Kiarabu, na katika sentensi hii mimi mwenyewe nimetumia mbili.

Mitego ipo, nisiwadanganye. "Ila" yetu maana yake isipokuwa, wakati "ilaa" ya Kiarabu yenye lamu moja ni kuelekea mahali. Na "wallahi" kwetu tumeiweka kwenye vihisishi pamoja na lo na kumbe, kumbe kwa Kiarabu ile wau ni harfu ya kiapo, ndiyo maana ha ya mwisho ina kasra. (Nyinyi mnaoapa kwa kila bao la mpira, hilo tutalizungumza siku nyingine.)

Vihisishi vya Kiingereza sina mengi ya kusema. Vijana wanakaririshwa "alas", na sijawahi kumsikia mtu akiitamka njiani. Ila kimoja kinafaa kujulikana. Mtu akijikwaa sisi tunamwambia pole. Ukimwambia mgeni "sorry", anaweza kukutazama akijiuliza umemkosea nini, maana kwake neno hilo mara nyingi ni la kuomba radhi.

Wapo watakaosema kwamba madrasa ni ya dini tu na Kiingereza kina mahali pake. Nawaheshimu. Lakini nahau tunayoifundisha ni elimu ya kupima neno kwa neno, na sioni dhambi mwanafunzi akiitumia elimu hiyo kwenye karatasi ya fizikia. Sisi walimu nasi tuna kosa letu. Tunawakaririsha min, ilaa, an, alaa kwa sauti moja kama wimbo, hatuwaulizi kila kimoja kinafanya nini ndani ya sentensi. Tukifundisha hivyo, basi hatuna tofauti na hiyo twisheni ninayoilalamikia.

Kwa hiyo nimeanza darasa la saa moja, Jumamosi baada ya Alasiri, la vijana wa kidato cha kwanza na cha pili. Hakuna ada. Mzazi anayetaka kumwondoa kijana wake namwomba amlete kwanza mara moja, tena akae naye asikilize. Aje na karatasi ya mtihani iliyosahihishwa, ya somo lolote, hasa ile aliyofeli.

Wabillahi tawfiq.