Nyumba Ikipigwa Mnada, Serikali ya Jiji Iko Wapi?

Vijana, kuna jibu tumelizoea sana: "Hiyo ni shida yako na benki." Mtu ameshindwa kulipa mkopo wa nyumba, dalali amebandika notisi getini, na viongozi wa eneo wanaangalia tu kama sinema.

Mwaka 2008, jiji la Philadelphia kule Marekani lilikataa kuangalia tu. Familia nyingi zilikuwa zimelemewa na mikopo, na nyumba zilizopelekwa kwa mnada wa sherifu zikazidi kuongezeka. Baraza la jiji likapitisha azimio kumtaka sherifu asimamishe minada. Sherifu John Green akausimamisha ule wa Aprili. Kisha mahakama ikishirikiana na jiji ikaweka utaratibu mpya: nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani haipigwi mnada kabla yeye na benki hawajapewa kikao cha kuelewana. Kukawa na washauri wa bure na laini ya simu. Mashirika ya mitaa yakapita mlango kwa mlango, kwa sababu mtu mwenye deni na aibu hafungui barua.

Tusidanganyane, deni la mtu halikufutwa. Asiyefika kikaoni, kesi iliendelea, na wengine walifika na bado wakakosa nyumba. Lakini angalau benki ililazimika kumsikiliza mtu kabla ya kumtoa nje.

Wako watakaosema huku ni kuzoesha watu kutolipa. Mimi sikubali. Nyumba ikiuzwa bei ya kutupa, benki nayo inapoteza, mtaa unabaki na magofu, na jiji linakosa kodi. Kukaa chini na kuongea ni hesabu, si huruma.

Na hapa Kenya? Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mkopaji apewe notisi ya miezi 3 alipe, kisha siku 40 kabla ya kuuza, na benki itafute bei nzuri. Ngao iko. Lakini nani anambishia hodi mwenye nyumba kumwambia siku zake zimeanza kuhesabika? Benki haitafanya hiyo kazi. Kaunti inaweza: wakili wa bure, mshauri wa madeni, namba moja ya simu.

MCA wako akija mtaani, usimuulize mambo ya barabara na taa peke yake. Muulize: nyumba ya jirani yangu ikipata notisi, kaunti itampigia nani simu?