Umoja wa Kunyamaza

Wapo wazee wenzangu ambao, kila panapozuka swali la mkoa huu kupata zaidi na mkoa ule kupunjwa, huinua mkono na kusema: "Nyamazeni, msituvunjie umoja." Nawaheshimu, lakini katika hili sikubaliani nao hata kidogo. Umoja hauvunjwi na mtu anayeuliza mgawo umefanywaje. Huvunjwa na mgawo unaofanywa gizani.

Nimefundisha historia miaka mingi, na mfano niupendao ni wa Marekani. Mwaka 1820 James Monroe alichaguliwa tena kuwa Rais kwa kura 231 za wajumbe wa uchaguzi. Kura moja tu ndiyo iliyokwenda kwa mwingine. Ukiitazama hesabu hiyo utasema taifa lile lilikuwa kitu kimoja. Kumbe mwaka huo huo Kaskazini na Kusini walikuwa wakigombana juu ya Missouri, iingie na watumwa au bila watumwa. Wakapatana kwa kuchora mstari kwenye ramani. Mwaka 1832 South Carolina ikazikataa sheria za ushuru wa forodha, ikidai zinainufaisha Kaskazini. Mwaka 1836 wabunge wakaweka kanuni ya kutojadili kabisa maombi ya wananchi waliotaka utumwa ukomeshwe, na kanuni hiyo ikadumu hadi 1844. Je, kunyamaza huko kuliwasaidia nini? Mwaka 1861 vita vikaanza, na watu zaidi ya 600,000 wakafa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Wachagga hupenda kusema kwamba tangu zamani tulikuwa taifa moja. Si kweli. Karne ya kumi na tisa, Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho walikuwa mahasimu, na Marealle wa Marangu alitafuta nguvu zake kwa Wajerumani. Kila mangi alimtumia mgeni dhidi ya jirani yake, na mwisho wake mgeni akawatawala wote. Mwaka 1900 Mangi Meli na wenzake wakanyongwa pale Old Moshi.

Kilichotuunganisha baadaye ni kahawa. Wakulima walipoanzisha chama chao mwaka 1925, na kisha KNCU mwaka 1933, mtu wa Rombo na mtu wa Machame walikuwa na jambo moja la kulinda: mizani na bei. Mwaka 1952 tukampata Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle, pamoja na bendera yetu. Lakini haukupita muda watu wakaanza kuuliza: kwa nini kiti kikae kwa mtu mmoja maisha yake yote? Mwaka 1960 swali hilo likapelekwa kwenye kura, na wananchi wakachagua kuwa na rais wa kuchaguliwa. Akashika Solomon Eliufoo wa Machame. Maneno makali yalisemwa, lakini mlima haukupasuka, kwa sababu swali liliulizwa mchana na likajibiwa mchana.

Linganisheni na suala la nafasi za sekondari. Katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali iligawa nafasi hizo kwa mikoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma nayo ipate wasomi. Nasema wazi, ingawa wengine huku mlimani watanikasirikia: nia ile ilikuwa ya haki. Sisi hatukuwa na akili kuwapita Watanzania wengine. Wamisionari walifika kwetu mapema, Wakatoliki Kilema mwaka 1891 na Walutheri mwaka 1893, na kahawa ikatupa karo. Anayejivuna kwa hayo anajivunia bahati.

Lakini haki ile ilizungumzwa kwa minong'ono. Mzazi wa huku alimwona mwanawe aliyefaulu vizuri akibaki nyumbani, asielezwe sababu. Mzazi wa mkoa mwingine aliambiwa vijiweni kwamba Wachagga wamejaza maofisi. Wote wawili wakajaza pengo la maelezo kwa chuki. Wazazi wa huku wakauza kahawa na ng'ombe, wakajenga shule zao kwa kushirikiana na makanisa, nao wakalaumiwa tena kwa kuzijenga.

Chuki hiyo ikaingia katika siasa. Mwaka 1995 Augustine Mrema, mzaliwa wa Vunjo, alipogombea urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, ilisemwa kwamba huyo ni wa Wachagga. Tupige hesabu ya darasa la nne. Alipata kura kama milioni 1.8. Sensa ya 1988 ilihesabu watu milioni 1.1 katika mkoa mzima wa Kilimanjaro, pamoja na watoto wachanga. Wachagga gani hao waliopiga kura zilizobaki?

Wala wa huku msishangilie. Anayesema "safari hii ni zamu ya mtu wetu" ni yule yule anayemkataa mgombea wa ubunge kwa kuwa kihamba cha baba yake kiko ng'ambo ya mto. Ukabila ukikosa mkabila wa nje hutafuta ukoo.

Wazee wetu waliochimba mifongo walilijua jambo hili. Maji yaliyotoka msituni yalipita katika vihamba vya watu wengi, na kila mmoja alijua siku yake ya kufungulia. Aliyeuliza zamu yake hakuitwa mchochezi. Mchochezi alikuwa yule aliyehamisha maji usiku.

Basi viongozi wetu waache kutuhubiria umoja kila sikukuu. Watuwekee hadharani nafasi za shule, ajira na fedha za barabara zinagawiwa kwa kipimo gani, mkoa kwa mkoa. Yule anayepunjwa aseme, na anayepata zaidi aambiwe sababu, hata akiwa Mchagga. Tutagombana, naam. Lakini tutakuwa tunagombania kitu tunachokiona.