Neema Haina Kiingilio

Ndugu mhubiri unayepanga safari ya Lokichoggio, nawe muumini wa Kitale, Eldoret au Nairobi unayechangia mafuta ya gari lake, nawaomba mnisikilize kidogo kabla spika hazijapakiwa.

Huko mwendako wageni si habari mpya. Kuanzia 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanzisha Operation Lifeline Sudan ili kuwalisha watu wa kusini mwa Sudan waliokuwa vitani, Loki ndiyo iliyokuwa kituo chake kikuu upande wa Kenya. Ndege za mizigo zilipishana angani, na kwenye hospitali ya Lopiding Msalaba Mwekundu ulitibu majeruhi waliovushwa kutoka ng'ambo. Amani ilipotiwa saini Januari 2005 mashirika yakafungasha kuelekea Juba, mji ukabaki na uwanja wa ndege uliozidi mahitaji yake. Ukishuka barabara kuu unafika Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992, ambako hupati mgao bila jina lako kuonekana kwenye orodha.

Kwa hiyo mtu wa huku Turkana Magharibi anaijua foleni. Ameshahesabiwa vya kutosha. Ukimwambia kuna kitu cha bure kutoka kwa Mungu, kisicho na kadi wala masharti, atakutazama vizuri kwanza, na ana haki. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba wokovu ni kipawa, haupatikani kwa matendo ya mtu. Sijui mahali ambapo habari hiyo ina uzito kuliko hapa, wala mahali ambapo ni rahisi zaidi kuichafua.

Naanza na unga. Njaa ya 1961 ndiyo iliyowafungulia wamisionari mlango wa Turkana, wilaya ambayo wageni hawakuruhusiwa kuingia bila kibali cha serikali ya kikoloni. Mapadre wa Mtakatifu Patrisi kutoka Ireland waliingia, na Africa Inland Mission pia, wakiwa na chakula mkononi. Shule, zahanati na visima vikafuata. Siwalaumu hata kidogo, walikuta watu wanakufa. Lakini tangu hapo injili na mahindi vimesafiri kwenye lori moja, na baadhi yetu tumesahau kuvitenganisha wakati wa kushusha. Tangu 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengi ya misaada, ya kanisa yakiwemo, yana kanuni kwamba msaada usitumiwe kuendeleza dini wala siasa. Kama umebeba magunia, wakabidhi chifu na wazee, yagawiwe siku nyingine, yamfikie mama Mkatoliki, na Mwislamu mwenye duka, na mzee asiyekanyaga kanisa lolote. Siku ya ibada njoo mikono mitupu. Utajua nani amekuja kwa ajili ya nini.

Kwenye mbuzi sitabembeleza. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo ikaisha mbele ya macho ya wenyewe. Mbuzi aliyebaki ndiye maziwa ya mtoto, ndiye karo, ndiye mahari. Kumwambia mama mwenye mbuzi huyo kwamba "apande mbegu" kwa kumtoa sadaka ili Mungu amkumbuke ni kurudia biashara ya Simoni wa Samaria. Ila yule alitaka kununua kipawa cha Mungu, sisi tunakiuza. Na malipo huwa hayaishii kwa mbuzi. Huko Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia 2023, wengi wakiwa waumini waliojinyima chakula wakitumaini kukutana na Yesu. Ukishauweka wokovu sokoni, bei haina mwisho.

Halafu punguza haraka. Wazee wa Kiturkana walimwomba Mungu, wakimwita Akuj, mvua na amani kabla mchungaji yeyote hajafika, mmoja akitamka na wengine wakiitikia. Paulo naye alipofika Athene alianzia kwenye madhabahu aliyoikuta. Kaa chini ya mti, sikiliza. Biblia ya Kiturkana ipo. Mwachie katekista wa pale aisome. Wala usifungue krusedi mkabala na misa. Wakatoliki na Walutheri walikubaliana Augsburg mwaka 1999 kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, Wamethodisti wakajiunga 2006, sasa vita vya spika ni vya nini?

Kubwa zaidi, hubiri neema inayovuka mpaka wa Nadapal kuingia Sudan Kusini. Ni rahisi kumshangilia Mungu anayemsamehe Mturkana. Kibarua ni pale anapomsamehe jirani wa ng'ambo, Mtoposa aliyeondoka na ng'ombe. Askofu Paride Taban, aliyewahi kuongoza jimbo la Torit, alianzisha kijiji cha amani cha Kuron mwaka 2005, Watoposa na majirani waliokuwa wakivamiana wakapata shule na zahanati ya pamoja. Alifariki 2023, na kazi ya aina hiyo bado inatafuta watu. Kabla ya mkutano wako ujao, mtafute mchungaji Mtoposa upande wa Narus, mlipie nauli, mpe nusu ya muda wako jukwaani. Nanyi wazee wetu wa Loki, mkiona mhubiri amepanda jukwaani peke yake, muulizeni mwenzake yuko wapi.