Afya ya Jamaa: Askari Wanaoishambulia Nyumba Yao

Wahenga walinena: Kikulacho ki nguoni mwako. Juma hili twataka kusema juu ya maradhi yanayofanana na methali hiyo, maradhi ambayo mwili hujiuma wenyewe. Twayasema hasa kwa ajili ya jamaa za wachimbaji wa Kolwezi na Lualaba yote, kwa kuwa vumbi la mawe ni moja ya mambo yanayoyaamsha.

Fikirini mchimbaji mwenye umri wa makamo. Asubuhi za baridi za mwezi wa Juni vidole vyake hupauka na kufa ganzi. Kisha ngozi ya mikono hukakamaa hata hawezi kukunja ngumi. Chakula chamkwama kifuani. Akipanda kilima pumzi zamwishia. Wazee wa ukoo hukutana, na mara shangazi mjane hutajwa kuwa ndiye mchawi. Hapo maradhi ya mtu mmoja yamekwisha kuwa maradhi ya jamaa nzima. Basi na tutazame ni nini hasa kinachotendeka.

Mwenyezi Mungu ameweka katika damu yetu chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Wa kwanza ni walaji: humeza kila kijidudu na kila taka wanayoikuta. Wa pili ni majemadari, watoao amri ya vita. Wa tatu ni wafua silaha, watengenezao kingamwili za kumnasa adui aliyekwisha julikana. Madaktari huwaita makrofaji, limfositi T na limfositi B.

Sasa, mwamba wa nchi yetu si shaba na kobalti tupu. Katika migodi ya Kolwezi, baina ya tabaka mbili za madini, limelala tabaka lenye silika nyingi, ambalo wataalamu wa miamba huliita R.S.C. Silika ndiyo ile iliyomo katika mchanga na jiwe la gumegume. Mwamba huo ukitobolewa au kupondwa ungali mkavu, hutoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, lifikalo hata ndani kabisa ya mapafu. Mlaji hulimeza, lakini jiwe haliyeyuki. Mlaji hupasuka na kufa, sumu yake humwagika, na jiwe hubaki vile vile; mwingine huja kulimeza, naye hufa. Ngoma ya vita hulia usiku na mchana.

Katika ghasia hiyo, kwa watu wengine, majemadari hupotewa, na wafua silaha hutengeneza kingamwili za kupiga viini vya chembe za mwili wenyewe. Tena ziko chembe zisukazo tishu unganishi, yaani nyuzi zinazoshikamanisha ngozi, viungo na mapafu. Nazo huamriwa kusuka bila kukoma. Ndiyo sababu ngozi hukazana kama ngozi ya ngoma, na mapafu hupoteza ulaini wake. Maradhi hayo huitwa skleroderma.

Mwaka 1914 Daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh aliyaeleza kwa waashi wa mawe; mwaka 1957 Daktari Erasmus aliyaeleza kwa wachimbaji dhahabu wa Witwatersrand, Afrika ya Kusini. Hata hivyo si kila avutaye vumbi huugua, na wagonjwa wengi, hasa wanawake, hawakushika sururu kamwe; urithi wa damu nao una sehemu yake. Ndugu wa maradhi haya ni lupasi, ambayo katika wagonjwa kumi wapata tisa ni wanawake. Huja na homa, maumivu ya viungo, vidonda vya kinywa na nywele kunyonyoka, hata ni rahisi kuidhania malaria.

Tufanye nini, basi? Mosi, lowesheni mwamba kwa maji kabla ya kutoboa au kuponda. Kitambaa puani hakizuii vumbi hilo.

Pili, nguo za kazi zisiingie chumba cha watoto. Mwaka 2018 wachunguzi wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba watoto wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba hata chini ya nyumba, walikuwa na kobalti nyingi mwilini. Uchunguzi huo haukuhusu skleroderma, lakini watufundisha kwamba vumbi halibaki shimoni.

Tatu, vidole vikipauka na ngozi ikikaza, nendeni hospitali mapema, mkamweleze daktari kazi ya mgonjwa. Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana, lakini ziko za kuwatuliza askari hao.

Nne, msinunue vidonge vya kotizoni bila amri ya daktari: kwa mgonjwa wa skleroderma vyaweza kuleta hatari ya ghafula ya mafigo.

Maradhi haya hayaambukizi. Mle na mgonjwa sahani moja. Wala hayakuletwa na shangazi. Jamaa nayo ni mwili mmoja. Ikimfukuza mjane wake kwa sababu ya hofu, yatenda lile lile watendalo askari waliopotewa: yapiga nyumba yake yenyewe.