Tisheti za mazishi ziwe hiari

Mhariri,

Huku Nyeri, siku hizi kamati ya mazishi hujadili rangi ya tisheti kabla bili ya mochari haijalipwa. Asiyevaa ile yenye picha ya marehemu huonekana mgeni, hata kama ndiye aliyemuuguza. Eti ni desturi! Hata kuzika kila mtu si desturi ya kale: kwa Wakikuyu wa zamani, waliozikwa ni wachache, hasa wazee wenye mali; wengine walipelekwa kichakani. Kaburi kwa kila mtu lilienea enzi za ukoloni na misheni.

Julai, kwenye baridi na matope ya Othaya, jaketi zito na gambuti ni heshima tosha. Wenye viatu vya visigino huishia hemani, kaburini hawafiki. Kamati zitangaze mapema kwamba tisheti ni hiari, na mchango ulipe hospitali kwanza.

Msomaji,
Nyeri