Rachel Carson kaua watoto wa Afrika? Hebu tuangalie tarehe

Wadau, kuna kitabu kinazunguka kati yetu. Kinaitwa Silent Spring, kimeandikwa na mama wa Kimarekani, Rachel Carson, na kilitoka mwaka 1962. Nakala ni moja, jalada limeshachanika, na kila anayekimaliza anakuja na la kwake. Mmoja kaapa hali tena mboga ya kununua sokoni. Mwingine kasema tukitupe kabisa, maana huyu mama ndiye aliyefanya DDT ipigwe marufuku, na kwa hiyo ameua mamilioni ya watoto wetu kwa malaria.

Hii ya pili siyo maneno ya kupita tu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu kama 597,000, na 95 katika kila 100 walikuwa Afrika. Ukisema kitabu fulani ndicho chanzo, umemtuhumu mtu mauaji. Na jamaa yangu hakuibuni yeye. Tuhuma hiyo ilivuma sana Marekani na Uingereza miaka ya 2000, hadi Michael Crichton akaiingiza kwenye riwaya yake State of Fear, ya mwaka 2004. Wanaoisema wanadai wanatutetea sisi. Sawa, ngoja tuone.

Kwanza kitabu chenyewe. Carson alikuwa mwanabiolojia wa bahari, amefanya kazi miaka mingi serikalini kwenye idara ya samaki na wanyamapori. Anaeleza jinsi DDT na ndugu zake walivyomwagwa kwa ndege juu ya mashamba, misitu na hata nyumba za watu. Sumu hiyo haiozi upesi, inajificha kwenye mafuta ya mwili: mdudu anaimeza, samaki anakula wadudu mia, ndege anakula samaki, na kila ngazi inabeba zaidi ya iliyo chini yake. Jina la kitabu maana yake ni majira ya kuchipua yaliyo kimya, kwa kuwa ndege wa kuimba wamekufa. Hakusema kemikali zote zifutwe. Alisema zinamwagwa ovyo na watu wasiojua matokeo yake.

Kampuni za kemikali zilimshukia kama mwewe. Mwaka 1963 kamati ya sayansi ya Rais Kennedy ikatoa ripoti iliyompa haki kwa sehemu kubwa. Aprili 1964 saratani ya matiti ikamuua. Marekani ilipiga marufuku DDT mwaka 1972, yeye yuko kaburini miaka minane, na marufuku yenyewe ilikuwa ya mashambani kwao. Kuuza nje ruksa. Kazi za afya ya jamii ruksa.

Sasa njooni huku kwetu, ndiyo utamu ulipo. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpango wa kutokomeza malaria duniani, silaha kuu ikiwa DDT. Mnajua eneo gani liliachwa nje kwa sehemu kubwa? Afrika ya tropiki! Waliona mbu wetu ni wakali mno, barabara hakuna, wahudumu hakuna. Tukaambulia majaribio. Pale mpakani mwa Tanganyika na Kenya, Pare na Taveta, nyumba zilipuliziwa dieldrin, ndugu yake DDT, malaria ikashuka kweli. Upuliziaji ukaisha 1959, miaka mitatu kabla kitabu hakijatoka. Zanzibar nayo ilipuliziwa, maambukizi yakashuka sana, mpango ukafungwa 1968, malaria ikarudi. Hapo marufuku ya Marekani bado miaka minne.

Kwa hiyo jamani, tarehe hazikubali. Hatukunyang'anywa mpango na Mama Carson. Wakubwa walikuwa wameshatuweka pembeni, na ulipofutwa rasmi mwaka 1969 wala hatukuwa tumeuonja sawasawa. Anayetaka kulaumu aanzie hapo. Lakini hiyo lawama haina soko, maana inawagusa wenye fedha.

Kuna sura ambayo washkaji wengi wameiruka, ile ya usugu. Carson alieleza kwamba ukipiga dawa kila mahali unaua wadudu dhaifu, wanabaki sugu, wanazaa sugu wenzao, na siku unayoihitaji dawa hiyo kwa ugonjwa haifanyi kazi. Itazameni Sri Lanka. Mwaka 1963 walibaki na wagonjwa 17 tu nchi nzima. Wakalegeza kamba, wakaacha kupulizia, 1968 na 1969 ukaja mlipuko mkubwa. Walirudi kwenye DDT, mbu wakawa wameanza kuizoea, na miaka ya 1970 ikabidi wahamie dawa nyingine ya bei kubwa zaidi.

Na wale wenzangu wanaosema DDT isiguswe kamwe, nao sikubaliani nao. Afrika Kusini iliiacha mwaka 1996, ikatumia pairethroidi, zile dawa za kiwandani zilizoigwa kwenye ua la pareto kama la kule Iringa. Mbu wakazimudu, na mwaka 2000 wagonjwa wakapita 60,000. Wakairudisha DDT mwaka huohuo, malaria ikashuka. Hata Mkataba wa Stockholm wa 2001 unairuhusu kwa kudhibiti mbu, na mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani likasisitiza upya upuliziaji wa ndani ya nyumba. Ukutani siyo shambani.

Ila ukuta wa kwetu na shamba viko jirani sana. Uganda walipopulizia DDT Apac na Oyam mwaka 2008, kampuni za mazao ya kilimo hai zilikimbilia mahakamani zikihofia soko la Ulaya, na zoezi likasimama. Na sisi tuna Vikuge, kule Kibaha: mwaka 1986 ililetwa shehena ya viuatilifu kutoka Ugiriki, kwa jina la msaada, vingine muda wake umekwisha. Banda likaanguka, dawa zikaingia kwenye udongo, DDT ikiwemo. Huo ndio msaada!

Tukio la karibu zaidi liko Muleba. Kule watafiti walikuta mbu wenye usugu mkali dhidi ya pairethroidi, ambazo ndizo zimo kwenye vyandarua vyetu na ndizo hizohizo zinapigwa kwenye pamba, nyanya na kabichi. Mkulima akichanganya bomba lake na kupulizia mara mbili kwa wiki, maji yanatiririka hadi kwenye dimbwi walimo viluwiluwi vya mbu. Viluwiluwi vinasoma somo palepale, bure, kabla havijaota mbawa.

Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya Misungwi, mkoani Mwanza: vyandarua vilivyoongezewa klofenapiri viliwakinga watoto vizuri zaidi kuliko vya pairethroidi peke yake. Habari njema, na nchi nyingi zikaanza kuvigawa. Lakini klofenapiri nayo ni dawa ya mashambani, huko duniani inapigwa kwenye mazao.

Mimi ninachotaka kujua ni kimoja. Ombi la kuingiza dawa ya mashambani yenye kiambato cha chandarua likifika mezani, wizara ya kilimo inamuuliza mtu wa malaria wa wizara ya afya kabla ya kugonga muhuri? Kama anaulizwa, jibu lake liwekwe hadharani tulisome. Kama haulizwi, waziri atuambie kwa nini.

Nawasilisha.