Haya Isiwanyime Vijana Wetu Kazi

Wazee wetu wametulea kwa haya, na kwa hilo twawashukuru. Kijana wa Mombasa, Lamu au Malindi akisimama mbele ya mkubwa huinamisha macho, hupunguza sauti, na jambo lake jema humwachia mwingine alitaje. Nyumbani hiyo ni adabu. Mbele ya meza ya mwajiri, masikini, huonekana ati hajui kitu.

Nasema niliyoyaona. Wakati mmoja niliketishwa pamoja na wakubwa wa afisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, tuchague karani. Akaingia kijana wa Majengo, shati limepigwa pasi, vyeti vimepangwa vizuri ndani ya bahasha. Akaulizwa amewahi kufanya kazi gani. Akajibu polepole, "Bado sijaajiriwa, bwana." Akaulizwa kwa nini tumchukue yeye, akatabasamu, akasema hayo ni majaliwa ya Mungu. Kazi akapewa mwingine.

Baadaye nikaja kujua kwamba kijana yule alikuwa ameshika duka la ami yake miaka mitatu: daftari la mikopo lake, kuagiza bidhaa kwake, ufunguo wa sanduku la pesa mfukoni mwake. Ukarani gani zaidi ya huo? Hakutaja hata neno, kwani kwake huko ni kujigamba, na tena kazi ya nyumbani haihesabiwi kazi!

La hasha. Nabii Yusuf (a.s.) alipoletwa mbele ya mfalme wa Misri, mwenyewe ndiye aliyeomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja na sababu zake mbili: uangalizi wake na ujuzi wake. Hakutia chumvi, wala hakuficha. Nani kati yetu atadai ana haya kumshinda Yusuf?

Najua watakaoniambia kwamba kazi siku hizi ni ya kujuana, na kwamba wako wasichana wetu wanaokataliwa kwa ajili ya buibui. Hiyo ni dhuluma. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, yakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake. Lakini kijana yule hakunyimwa kwa jina wala kwa kofia. Nilikuwako. Hatukumjua, naye hakutujuvya.

Na ami yake angaliweza kumkalisha barazani jioni moja tu: "Haya, tuambie, dukani ulikuwa ukifanya nini?" Mara ya kwanza angalicheka. Mara ya tatu angalijibu.